Wasomaji Waulizia Gofu: Mpira Uruke Mpaka Wapi?

Katika toleo lililopita tulieleza, kwa mistari michache tu, kwamba wasimamizi wa mchezo wa gofu duniani wameamua kupunguza masafa ya mpira. Hatukutarajia kuwa habari ile ndogo ingeleta barua kutoka Bumbwini mpaka Wete. Tumechagua tano, na kila moja tumeipa nafasi kwa kadiri ya uzito wa swali lake.

Assalaam alaykum, Maalim. Mimi ni kijana wa Bumbwini, nabeba mikoba ya wachezaji katika uwanja wa mashimo tisa wa Mangapwani, na jioni nikipewa ruhusa nami hupiga mipira miwili mitatu. Wageni wananiambia kwamba mipira ya sasa itapigwa marufuku. Mmoja anasema ni mwaka 2028, mwengine anasema ni 2030. Mimi mpira wangu haufiki yadi 220 hata upepo uwe mgongoni. Wakinipunguzia, nitabakiwa na nini?
*Kedi, Bumbwini*

Waalaykum salaam, mwanangu. Wageni wako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika nusu ya maneno. Mwezi wa Disemba 2023, taasisi mbili zinazotunga sheria za gofu, yaani R&A yenye makao yake St Andrews huko Uskochi, na USGA, ambacho ni chama cha gofu cha Marekani, zilitangaza kipimo kipya cha mpira. Kwa tangazo hilo, mashindano ya wachezaji wa ngazi ya juu yalipangiwa kuanza kutumia kipimo kipya Januari 2028, na wachezaji wengine wote, mimi na wewe tukiwamo, tukapangiwa Januari 2030.

Sasa kipimo chenyewe. Kipimo kilichotumika tangu 2004 ni hiki: mpira unapigwa kwa mashine, kichwa cha fimbo kikienda kwa mwendo wa maili 120 kwa saa, na hautakiwi kupita yadi 317, pamoja na yadi 3 za kusamehe tofauti ndogo za upimaji. Katika uamuzi mpya yadi 317 zimebaki palepale. Kilichobadilishwa ni mwendo wa fimbo, ambao umepandishwa hadi maili 125, mpira ukiondoka kwa pembe ya digrii 11 na kuzunguka mara 2,200 kwa dakika. Fikiri mwenyewe: ikiwa fimbo inakuja kwa kasi zaidi na mstari wa mwisho haukusogezwa, basi ni mpira ndio utakaolazimika kutengenezwa upya ili usikimbie kama zamani.

Ukali wa kipimo hiki unamwangukia zaidi yule anayepiga kwa nguvu nyingi. Makadirio ya watunga sheria wenyewe ni kwamba wapigaji warefu kuliko wote watapoteza yadi 13 hadi 15, wanaume wa kulipwa wa kawaida yadi 9 hadi 11, wanawake wa kulipwa yadi 5 hadi 7, na mchezaji wa ridhaa yadi 5 au pungufu. Wewe umo katika kundi hilo la mwisho. Yadi tano ni hatua tano zako pale uwanjani, na kwa mpigo wa yadi 220 pengine hata tano hazitimii. Upepo wa kaskazi peke yake unakunyang'anya zaidi ya hizo, na hujawahi kuuandikia barua.

Jambo moja zaidi nataka ulijue. Mwezi wa Machi wa mwaka huohuo 2023, pendekezo la kwanza lilikuwa ni kuwawekea mpira wa pekee wachezaji wa ngazi ya juu tu, na sisi wengine tuachwe na wetu. Waendeshaji wa mashindano makubwa ya Marekani walilikataa, watengenezaji nao wakalikataa, na likaondolewa. Nami nilifurahi lilipoondolewa. Katika mpira wa miguu, kijana wa mtaani hatopata hata siku moja kucheza katika uwanja na kwa vifaa vilevile vya bingwa wa dunia. Katika gofu anaweza, kwa sababu sheria ni moja na mpira ni mmoja. Kedi wa Bumbwini akipiga mpira ukaingia, umeingia kwa sheria ileile ya St Andrews. Kukigawa kitu hicho kingekuwa ni kukiharibu.

Mwalimu mwenzangu, nasomesha fizikia katika skuli ya sekondari hapa Wete. Nilisoma habari yenu darasani, wanafunzi wakaniuliza maswali mawili ambayo nilitaka kuyajibu kwa uhakika. Kwanza, kwa nini uso wa fimbo ya chuma uwekewe mpaka wa kurusha mpira, hali chuma ni kigumu na hakinesi? Pili, mpira una vibonyeo vya nini, kwani kitu laini si ndicho kinachopita vizuri hewani?
*Mwalimu, Wete, Pemba*

Wape salamu wanafunzi wako, kwani maswali yote mawili yamegusa kiini cha jambo.

Tuanze na chuma. Chuma kinene hakinesi, lakini chuma chembamba kinanesa. Mpaka miaka ya 1970, fimbo ndefu ya kuanzia, ile tunayoiita draiva, ilikuwa na kichwa cha mti mgumu, kidogo kama ngumi ya mtoto. Mwaka 1979 ikaingia sokoni draiva ya chuma, na katika miaka ya 1990 ikafuata ya titaniamu, madini mepesi na yenye nguvu kiasi kwamba mafundi waliweza kuufanya uso wa fimbo kuwa mwembamba sana na kichwa kuwa kikubwa na kitupu ndani. Mpira unapopigwa na uso mgumu usionesa, ni mpira peke yake unaobonyea, na katika kubonyea kule hupoteza nguvu nyingi kwa joto. Uso ukinesa kidogo, mpira haubonyei sana, nguvu inayopotea ni ndogo, na uso unaporudi mahali pake unausukuma mpira. Wanafunzi wako wamewahi kurukaruka juu ya kitanda cha kamba. Waambie ni mfano huo.

Hapo ndipo watunga sheria walipoweka mpaka. Kiwango cha kurudisha mwendo hakitakiwi kuzidi 0.83, maana yake ni kwamba mwendo wa mpira na fimbo kuachana usizidi asilimia 83 ya mwendo wa kukutana. Kwa upimaji wa haraka hutumika kijichuma kidogo kinachoning'inia kama timazi ya fundi mwashi: kinaachiwa kigonge uso wa fimbo, na hupimwa muda ambao viwili hivyo vimegusana. Muda unaoruhusiwa ni maikrosekunde 239 (maikrosekunde moja ni sehemu ya milioni ya sekunde), pamoja na 18 za kusamehe, jumla 257. Vikigusana kwa muda mrefu zaidi ya huo, uso unanesa kupita kiasi na fimbo inakataliwa. Ukubwa wa kichwa nao una mpaka wake wa sentimita za ujazo 460, na urefu wa fimbo hautakiwi kupita inchi 48, ingawa tangu mwaka 2022 waandaaji wa mashindano ya ngazi ya juu wanaruhusiwa kuushusha hadi inchi 46.

Ama vibonyeo, historia yake inapendeza. Karne ya kumi na tisa mpira wa gofu ulifinyangwa kwa utomvu mgumu wa mti wa Mashariki ya Mbali uitwao gutapecha, na mpira mpya ulikuwa laini kama yai. Wachezaji wakagundua kwamba mpira uliokwisha kukwaruzwa na kupata makovu unaruka vizuri kuliko mpya, wakaanza kuukwaruza kwa makusudi. Mwaka 1905 Mwingereza William Taylor akachukua hataza ya mpira wenye vibonyeo. Sababu yake ni kwamba mpira laini unaacha nyuma yake mkia mpana wa hewa iliyovurugika, na mkia huo unauvuta urudi. Vibonyeo vinaitibua hewa iliyo karibu kabisa na ngozi ya mpira, na hewa iliyotibuliwa namna hiyo hushikamana na mpira kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuachana nao, hivyo mkia ukawa mwembamba. Zaidi ya hapo, mpira unaozunguka kinyumenyume hupata msukumo wa kuelekea juu, na vibonyeo vinausaidia msukumo huo. Mpira laini kabisa ungefika takriban nusu tu ya masafa ya huu wenye vibonyeo.

Kama unataka kuwaonesha kitu kwa macho, tafuta mipira miwili, mmoja wa mtindo wa uzi wa kabla ya mwaka 2000 na mmoja wa sasa, uikate kwa msumeno wa chuma. Mimi nilifanya hivyo barazani kwangu. Ule wa zamani, ngozi ilipopasuka tu, ulianza kutoa uzi mwembamba wa mpira uliovutwa na kuzungushiwa kiini, uzi ukawa unakatika na kurukaruka wenyewe, na nilipousambaza sakafuni ulienea baraza yote na bado haukwisha. Ule mpya haukutoa kitu. Ndani ni gimba moja lililoshikana, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na rangi yake, kama embe dodo lililokatwa pamoja na kokwa. Mtindo wa uzi uliletwa na Mmarekani Coburn Haskell mwaka 1898, na ulitawala mchezo kwa takriban miaka mia moja. Mwaka 2000 watengenezaji wa mipira Titleist walipotoa mpira wao wa Pro V1, wenye gimba zima ndani na ngozi laini nje, wachezaji wa kulipwa waliuhama ule wa uzi kwa muda mfupi mno. Tofauti ya mipira hiyo miwili ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya mzozo wa leo.

Nilikaa Nairobi miaka mingi na kucheza gofu huko. Nimerudi nyumbani Unguja, nina fimbo zilezile na mipira ileile, lakini mpira unafupika. Wenzangu wanasema ni unyevu wa hewa ya bahari. Ni kweli?
*Mfanyabiashara, Kiembesamaki*

Unyevu hauna hatia, bibi. Hewa yenye mvuke wa maji ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu ya joto lilelile, hivyo unyevu hauuzuii mpira. Tofauti ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira wa draiva huko huongezeka masafa kwa kiasi cha asilimia 6. Yadi 200 za Nairobi ni kama yadi 188 za hapa. Joto letu linakurudishia sehemu ndogo ya hasara hiyo, mengine yote utayapata kwa kubadilisha hesabu zako za fimbo.

Bwana mhariri, mimi ni mkulima wa Makunduchi, na sijapata kushika fimbo ya gofu. Nimesoma gazeti lenu nikashangaa. Mpira wa tajiri kuruka yadi kumi zaidi au kumi pungufu unatuhusu nini sisi wa visiwani, mpaka mtutolee habari?
*Mama mkulima, Makunduchi*

Mama yangu, barua yako ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu naamini jambo hili linakuhusu wewe kuliko linavyomhusu huyo tajiri.

Mpira ukienda mbali zaidi, uwanja nao lazima urefuke. Mpangaji wa uwanja huweka shimo la mchanga, mti au bwawa mahali ambapo anajua mpira wa mpigaji mzuri utaangukia, ili amlazimishe kufikiri: nipite kulia, nipite kushoto, au nijizuie? Wapigaji wakianza kuvuka juu ya mtego ule bila ya kuutazama, fikra imeondoka na imebaki nguvu tu. Basi wenye uwanja wanasogeza nyuma sehemu ya kuanzia, au wananunua ardhi. Katika mashindano makubwa ya wanaume wa kulipwa Marekani, wastani wa mpigo wa kuanzia mwaka 1980 ulikuwa karibu yadi 257. Mwaka 2003 ulikuwa karibu 286. Mwaka 2023 ulikuwa karibu 300. Augusta National, uwanja tajiri wa Georgia ambako hufanyika mashindano ya Masters, walinunua ardhi kwa jirani yao mwaka 2017, na mwaka 2023 shimo lao la 13, yaani njia nzima tangu sehemu ya kuanzia hadi tunduni, likarefushwa kutoka yadi 510 hadi 545. St Andrews, ambako gofu imechezwa kwa karne nyingi, mwaka 2010 walilazimika kuisogeza sehemu ya kuanzia ya shimo la 17 mpaka nje ya mipaka ya kale ya uwanja, likafika yadi 495. Mwezi wa Februari 2020, R&A na USGA walitoa ripoti yao ndefu juu ya masafa, wakasema wazi kwamba mzunguko huu wa mpigo kurefuka na viwanja kurefuka unapaswa kukoma.

Georgia wana ardhi na wana fedha. Sisi je? Unguja nzima haifiki kilomita za mraba 1,700, na humo ndani tunataka mihogo, minazi, makaazi, skuli, makaburi, hoteli na misitu. Uwanja kamili wa mashimo 18 mara nyingi huchukua hektari 50 hadi 80, na kila yadi inayoongezwa katika urefu huongeza pia majani ya kumwagiliwa maji. Wewe ni mtu wa Makunduchi, unajua ardhi ya maweni ilivyo kuliko mimi. Maji matamu tuliyonayo ni ya mvua iliyopenya katika jiwe la matumbawe na kukaa chini yake, juu ya maji ya bahari. Ukiyavuta kupita kiasi, bahari inapanda, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi utamu wake kwa haraka. Kwa hiyo mpaka anaowekewa fundi wa maabara Marekani, kwamba mpira wake usipite yadi 317, ni mpaka unaosaidia kulinda kisima cha kijiji ambacho fundi huyo hatokiona. Mimi sioni habari ndogo hapo.

Kuna kisiwa kimoja kililitambua hili mapema, na ningependa wakubwa wetu wa mipango wakijue. Visiwa vya Cayman, katika bahari ya Karibi, ni vidogo kuliko vyetu. Katika miaka ya 1980, bingwa Jack Nicklaus alipoombwa apange uwanja huko Grand Cayman, ardhi haikutosha. Badala ya kutafuta ardhi zaidi, ulitengenezwa mpira wa pekee, mwepesi, wenye vinundu badala ya vibonyeo, unaokwenda takriban nusu ya masafa ya mpira wa kawaida. Watu wakacheza uwanja wa mashimo tisa, wakatumia fimbo zao zote, draiva kwa draiva, katika sehemu ndogo. Mpira ule haukuenea duniani, lakini ulithibitisha kwamba anayefurahia gofu hafurahii idadi ya yadi. Anafurahia kulenga na kupata. Nicklaus mwenyewe ameendelea kwa miongo kadhaa kuomba mpira ufupishwe.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kutupwa. Wanasema masafa yameongezeka pia kwa sababu wachezaji wa sasa wana mazoezi ya mwili na walimu bora, na kwamba si haki kumwadhibu mtu kwa nguvu zake. Wanasema watazamaji wanapenda mpigo mrefu. Yote mawili ni kweli. Lakini kipimo hakimwondolei mwenye nguvu ubora wake: atabaki mrefu kuliko wenzake, ila wote watakuwa wamerudi nyuma hatua chache. Kinachoondoka ni ile haja ya kununua ardhi ya jirani.

Kama iko siku wataletwa watu wa kupima ardhi kwa ajili ya uwanja upande wenu, mama, ulizeni maswali matatu: mashimo ni tisa au kumi na nane, urefu wa jumla ni yadi ngapi, na maji ya majani yatatoka wapi. Msikubali jibu la jumla jumla. Namba za mchezo huu zote zinapimika.

Marehemu babu yangu alikuwa akibeba mikoba ya Waingereza walipokuwa wakicheza gofu Mnazi Mmoja. Katika kasha lake tumekuta fimbo mbili zenye vichwa vya mti na mipira mitatu, imegeuka rangi ya manjano. Kijana wangu anataka kuitumia. Inaruhusiwa?
*Msomaji, Malindi, Mjini*

Fimbo zinaruhusiwa, ndugu yangu. Hakuna sheria iliyopiga marufuku kichwa cha mti. Kilichokishinda ni chuma, si sheria. Muda wa kuwa mpini haukuoza na kichwa hakikulegea, kijana anaweza kuzitia katika fimbo zake 14, ambazo ndizo nyingi zaidi zinazoruhusiwa katika mkoba mmoja tangu mwishoni mwa miaka ya 1930.

Mipira ina jambo lake. Wakati wa Waingereza, kanuni zao ziliruhusu mpira wa inchi 1.62, sawa na milimita 41.15, hali Wamarekani walishikilia inchi 1.68, yaani milimita 42.67. Ule mdogo ulipenya upepo vizuri na ulikwenda mbali zaidi, ndiyo maana Waingereza waliupenda katika viwanja vyao vya pwani, na bila shaka katika pwani yetu pia. Mashindano yao makubwa ya wazi yaliuacha mwaka 1974, na kuanzia mwaka 1990 hauruhusiwi popote. Uzito wa juu, gramu 45.93, ni uleule kwa yote miwili, kwa hiyo mizani haitokusaidia.

Chukua kadi ngumu, mpe fundi mwenye bikari akukatie tundu la duara lenye kipenyo cha milimita 42.67 barabara. Kama mpira unapita bila ya kusukumwa, ni ule mdogo, na kijana asiende nao katika mashindano. Na hata akiwa peke yake ufukweni asiupige: uzi wa ndani umekwisha kukauka, utapasuka kwa mpigo mmoja. Urudisheni katika kasha la babu, na hiyo kadi yenye tundu iwekeni pamoja nao.